Mshenga Aliyekataa Nusu Kaputi

Neno aliloambiwa Nestory ndani ya nyumba ya watu halikutoka nje pamoja naye. Hiyo ndiyo sheria aliyoishi nayo tangu alipoanza ushenga, na katika vijiji vya njia ya Namanyere hakuna aliyewahi kusimama mbele ya watu akasema kwamba Nestory ameitangaza siri yake. Mshenga huingia katika nyumba mbili ambazo bado hazijaaminiana. Huketi, hukaribishwa, na kabla ugali haujapoa ameshasikia mengi: binti huyu huanguka kifafa, kijana yule alikimbia kesi Kasanga, mama mkwe mtarajiwa ana mdomo mchafu. Akiondoka hubeba ujumbe aliotumwa tu. Mengine huyaacha palepale kwenye kigoda alichokalia. Siku hizi wapo washenga wanaotoka ugenini simu ikiwa tayari sikioni. Nestory aliwahesabu watu wa namna hiyo kuwa wezi.

Ili kuilinda sheria yake aliacha pombe, na kwa mkulima wa Ufipa hilo si jambo dogo. Watu walipomaliza kulima shamba la mwenzao na mitungi ya pombe ya ulezi kutolewa, yeye aliomba togwa.

"Mzee Nestory, togwa ni ya wanaonyonya," walimtania.

"Basi nipeni, bado naota meno," alijibu, na watu wakacheka. Walidhani ni uchaji Mungu wake. Ukweli ni kwamba aliogopa ulimi wake, kwa sababu ya jambo moja.

Jambo hilo lilimhusu Yusto, mdogo wa mke wake. Karibu miaka thelathini iliyopita Yusto alimvuta nyuma ya zizi, akamwomba ampelekee posa nyumbani kwa kina Hellena, tena upesi. Kisha akaeleza sababu ya haraka yake. Hellena alikuwa mjamzito, na aliyempa mimba alikuwa amevuka ziwa kwenda Kongo bila kurudi. Yusto mwenyewe aliugua matubwitubwi ujanani, yakamshuka mpaka kwenye mapumbu, na hospitali walimwambia asitegemee mtoto.

"Mimi nampenda, shemeji," alisema. "Na mtoto nitakuwa nimepewa. Atakuwa wangu tangu siku atakayozaliwa. Ila ndugu zangu wakijua, siku nikifa watamfukuza kama mbwa."

"Mimi sijasikia kitu," Nestory alijibu. "Nimesikia unataka kuoa."

Ndoa ikafungwa. Mtoto akazaliwa wa kiume, akapewa jina la babu yake upande wa Yusto, Wiliam, akalelewa, akakua, akaoa. Hellena alitangulia kufa. Yusto akamfuata mwaka juzi, na shamba lake la bondeni, lenye udongo mweusi usiokauka hata kiangazi, likabaki kwa Wiliam. Yonas, kaka mkubwa wa Yusto, hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Kila kikao cha ukoo alisema kwamba haiwezekani bonde zima kuachiwa kijana mmoja, lakini hakuwa na sababu ambayo wazee wangeikubali. Neno moja tu lingempa sababu, na aliyebaki duniani akilijua alikuwa Nestory peke yake. Salome, mke wake, dada wa Yonas na Yusto, alimpenda Wiliam kwa sababu alimwona kuwa ndicho kitu pekee alichoacha mdogo wake.

Wapo watakaosema kwamba Nestory alishiriki kuudanganya ukoo. Labda ni kweli. Lakini aliyedanganya kwa kumpa mtoto baba, na baba akawa baba kweli mpaka kaburini, mimi sijui atahukumiwa kwa kifungu gani.

Mwezi wa saba, mkokoteni wa ng'ombe uliojaa mahindi ulimshinda Nestory kwenye mteremko, gurudumu likampanda goti la kulia. Pia ya goti ikapasuka. Hospitali mjini Sumbawanga waliifunga kwa waya, wakamvika hogo, ile plasta ngumu, kutoka pajani hadi kwenye kifundo, wakampa tarehe ya kurudi. Tarehe ilipofika, mahindi yalikuwa bado yamelala shambani na hakukuwa na mtu wa kuyasomba, akasema atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa nyingine. Alipokuja kukatwa hogo, mguu ulitoka mwembamba na umenyooka kama mpini. Mtaalamu wa mazoezi alijitahidi kuukunja mpaka wote wawili wakatoka jasho. Goti lilisogea kidogo tu, likagoma.

"Limegandana kwa ndani," daktari alimwambia. "Mazoezi peke yake hayataliachia. Itabidi uingie chumba cha upasuaji, tulikunje kwa mikono mpaka makovu yakatike. Hatukupasui. Ni kazi ya dakika chache, lakini hakuna binadamu anayeweza kuivumilia hivihivi. Na lifanyike sasa. Krismasi ikipita, makovu yatakuwa magumu, na tukilazimisha utavunjika mfupa."

Nestory akalazwa. Salome akapata pa kulala mtaa wa Kizwite kwa binamu yake, na kila siku alikuja wadini na chakula.

Kitanda cha jirani alilala Abdillah, dereva wa fuso la kupeleka shehena bandarini Kasanga, aliyevunjika mkono. Alikuwa mtu wa maneno mengi, aliyemaliza siku akiwataja wauguzi wote kwa majina ya utani. Siku alipopelekwa kunyooshwa mfupa alipewa nusu kaputi. Aliporudishwa, mke wake Husna alikaa kando yake akimshika mkono mzima na kumfuta jasho. Abdillah akafumbua macho yasiyoona kitu, akaanza kuimba. Wadi ikatabasamu. Kisha akaacha kuimba na kusema kwa sauti ya mtu aliye kwake:

"Mama Tatu, kaanga migebuka, niko njiani. Mwambie mtoto asilale, baba yake anakuja."

Husna aliuachia ule mkono. "Mama Tatu ndiye nani?"

"Usitie pilipili," alisema Abdillah.

Wadi nzima iliangua kicheko. Husna alikusanya chupa ya chai, sahani na kanga yake, akatoka, na hakurudi. Abdillah alipozinduka vizuri aliangaza macho huku na huku.

"Jamani, mke wangu yuko wapi?"

"Muulize Mama Tatu," mtu alimjibu kutoka kitanda cha mwisho.

Salome alicheka mpaka akajifuta machozi. Nestory hakucheka. Alilala akitazama dari, na tangu saa hiyo hakuogopa tena maumivu ya goti.

Kesho yake alikuja mtaalamu wa usingizi, mama wa makamo aitwaye Kulsumu, mtoto wa wafanyabiashara wa hapohapo mjini. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akamweleza kama mtu anayezungumza na mwenye akili.

"Njia ziko mbili, mzee wangu. Ya kwanza ni ganzi ya mgongo. Nakuchoma sindano hapa chini kiunoni, miguu inakufa ganzi, misuli inalegea kabisa, wewe unabaki macho unatusikia. Ganzi inakaa saa kadhaa, kwa hiyo hata tukimaliza tunaendelea kukukunja goti bila maumivu. Ubaya wake, presha huweza kushuka, na wengine huumwa kichwa siku mbili tatu. Ya pili ni nusu kaputi. Unalala, hujui kitu. Ni ya haraka. Lakini dawa niliyo nayo hapa hailegezi misuli vizuri kama ganzi, na ukizinduka maumivu unayakuta yanakusubiri. Wengine pia huzinduka wamechanganyikiwa, unaona mambo ya jirani yako."

"Mimi nataka ya mgongo," alisema Nestory kabla hajamaliza.

"Hata mimi ningekushauri hiyo."

Salome alikuwa amesimama na bakuli mkononi. Alisubiri mtaalamu aondoke.

"Baba Edith, wewe unalima kwa goti au kwa mgongo?"

"Kwa vyote."

"Waulize kina mama waliojifungua kwa kupasuliwa. Waliochomwa mgongo hawabebi ndoo ya maji. Mwezi wa pili tunaanza ntumba. Utazilima na mgongo gani?"

Ntumba ni vile vilima vya Ufipa: nyasi hukusanywa mafungu, hufunikwa udongo, zikaoza ndani na kurutubisha shamba. Kazi yake yote ni kuinama. Salome hakuwa akisema upuuzi, alikuwa akihesabu chakula cha mwaka.

"Daktari amesema haina madhara kwenye mgongo."

"Daktari halimi. Mtu mzima unaogopa kulala? Lala, wakukunje, uamke, twende nyumbani."

"Nimesema ya mgongo, mama Edith."

Hakutoa sababu. Katika ndoa yao, Nestory hakuwahi kukataa jambo bila kueleza, na Salome aliondoka akiwa ameligundua hilo.

Siku ya kazi alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, na aliyekuwa akisukuma aliinama, akashusha barakoa kidogo ili atambulike.

"Shikamoo baba. Leo uko mikononi mwangu."

Alikuwa Zenon, mtoto wa Yonas. Nestory alijua kwamba kijana huyo anafanya kazi hospitalini, lakini alidhani yuko kwenye kufua mashuka.

"Marahaba. Umehamia huku?"

"Tangu Pasaka. Mzee anakusalimu. Anasema ukipona tu kuna kikao cha lile bonde, na wewe mshenga wa mambo yote lazima uwepo." Zenon alicheka kwa wema. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa mtoto wa baba yake tu.

Ndani walimketisha, wakamkumbatisha mto, wakamwambia ainame. Kulsumu alimpapasa uti wa mgongo kwa vidole, akampaka dawa ya baridi, akachoma. Sindano iligonga mfupa. Akaitoa, akaielekeza juu zaidi. Ikagonga. Akajaribu kwa upande. Nestory hakutikisika wala hakuguna, alikuwa akisali rozari kimoyomoyo, si kwa ajili ya goti. Daktari alitazama saa. Kulsumu alipumzika, akamwinamisha tena, akajaribu pengine. Maji ya uti hayakutoka.

"Basi," alisema mwishoni. "Mifupa imeshikana kwa miaka ya jembe. Nikiendelea nitakuumiza bure. Twende na nusu kaputi, mzee wangu. Unafumba, unafumbua, kazi imekwisha."

Nestory aliinua uso kutoka kwenye mto.

"Nikilala, hapa ndani anabaki nani?"

"Mimi, daktari, na Zenon atakayekushika paja."

"Na nikianza kuzinduka?"

"Utakuwa umerudi wadini. Mama atakuwa pembeni yako akuangalie usianguke."

"Daktari," alisema taratibu, "watu husema maneno."

Kulsumu alicheka ndani ya barakoa. "Wengine husema. Wengi huimba, wengine hulia tu, na wengine kimya mpaka mwisho. Sisi hatuyaweki maanani."

"Unaweza kuniahidi kwamba mimi nitakuwa wa wale walio kimya?"

Mama yule aliacha kucheka. Alimtazama, akaona kwamba haulizwi swali la mzaha.

"Hapana. Hilo siwezi kukuahidi."

"Mwondoeni Zenon."

"Baba, nimekosa nini?" Zenon alishtuka.

"Hujakosa, mwanangu."

"Leo hatuna mwingine," alisema daktari. "Na goti lako halina kesho nyingi."

"Basi nitoeni huu mpira wa dripu mkononi, nirudi kitandani."

Daktari alimwambia kwa ukali kwamba anajitia kilema kwa hiari yake. Nestory alikubali kwa kichwa, kama mtu anayesomewa hukumu aliyoitarajia. Kulsumu peke yake ndiye aliyemfuata hadi mlangoni. Akamwinamia.

"Mbeya wana mashine ya kutafuta mishipa ya fahamu. Wanaweza kuganzisha mguu peke yake bila kugusa mgongo. Nitakuandikia rufaa. Ila ganzi hiyo nayo huweza isikolee, na isipokolea watakulaza. Mzee wangu, inawezekana kabisa ukalala usiseme hata neno moja."

"Inawezekana," alijibu Nestory. "Na inawezekana nikasema."

Salome alikuwa akingoja wadini na uji wa ulezi. Aliutazama mguu chini ya shuka, umenyooka vilevile.

"Hawajakukunja."

"Sindano imekataa."

"Si nilikwambia? Na kulala je?"

"Nimekataa mimi."

Alisubiri sababu. Haikuja. Macho yake yakaenda polepole mpaka kitanda cha jirani, alipokuwa Abdillah akijifanya amelala, kisha yakarudi kwa mume wake. Uso ulikuwa umebadilika.

"Aa. Nimeelewa."

"Hujaelewa, mama Edith."

"Basi nieleweshe. Wa kwako anaitwa nani? Na yeye ni wa Kasanga, au ni wa hapahapa mjini, ili nimletee na yeye uji?"

"Hakuna mwanamke. Nakuapia."

"Kama hakuna, rudi ukalale."

"Ni maneno ya watu. Mambo ya ushenga."

"Ya watu gani?"

Hapo Nestory alifunga mdomo. Angesema ni ya nyumba fulani, hata bila jina, Salome angeanza kuzipitia ndoa alizosimamia mume wake, moja baada ya nyingine, na siku moja angefika kwenye ndoa iliyofungwa upesi kuliko zote. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na Yonas alikuwa kaka yake.

"Kila mwenye nyumba ndogo huwa na maneno ya watu," alisema Salome. Alimwekea uji kwenye meza ndogo, akatoka bila kumimina kikombe.

Walirudi kijijini na karatasi ya rufaa. Katika nchi hii mgonjwa haendi hospitali ya mbali peke yake. Lazima awe na mtu wa kumfulia, kumpikia na kumgeuza. Nestory alimwomba mke wake. "Umekatalia hapa," Salome alimjibu, "unataka nikusindikize Mbeya ukakatalie na kule?" Binti yao Edith alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, hawezi kusafiri. Mwezi wa kumi na moja ukaingia, mvua za kwanza zikanyesha.

Jumapili moja baada ya misa Wiliam alifika na pikipiki. Aliiegesha, akaingia, akachuchumaa na kupiga makofi kwa heshima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia shangazi hatakwenda Mbeya. Mimi nitakupeleka. Nimeshamwachia mke wangu mbegu zote, kazi hazitasimama. Nitalala chini ya kitanda chako mpaka utembee."

Nestory alimtazama kijana yule. Alikuwa na paji pana na masikio madogo ambayo hayakuwemo katika ukoo wa Yusto, mambo ambayo yeye alikuwa ameyaona kwa miaka yote hiyo na kuyapita. Kati ya watu wote, aliyejitolea kukaa karibu na mdomo wake usiolindwa alikuwa huyu.

"Hapana. Kalime."

"Baba yangu aliniambia, asingekuwa wewe asingempata mama. Niache nami nikufanyie kitu."

"Nimesema hapana, Wiliam."

"Kwa nini?"

"Goti la mzee halina kazi. Liache."

Wiliam aliinuka. "Au ni lile bonde?" aliuliza. "Zenon amesema uliulizia kile kikao. Kama umeshakuwa upande wa baba mkubwa, niambie tu kama mwanamume."

Nestory hakuwa amemuuliza Zenon kuhusu kikao chochote. Alikuwa na la kujibu, lakini kila jibu lilielekea kwenye swali jingine, na swali la mwisho lilikuwa moja. Akasema, "Nenda salama." Pikipiki iliondoka kwa kishindo.

Nani atamlaumu? Wengi, na wana haki. Watasema hakuna siri ya kumfanya mtu kilema. Lakini watu haohao wanapotafuta wa kumwachia siri, humtafuta mtu asiyepima kwanza maumivu yake.

Kikao cha ukoo kilifanyika mwezi wa kwanza. Nestory aliketi kwenye kiti, mguu ameunyoosha mbele kiasi kwamba watu waliuruka wakipita, na alipoulizwa kuhusu ndoa ya Yusto alisema ilikuwa halali na mahari ilipokelewa. Yonas hakuwa na la kushika. Wazee wakathibitisha bonde ni la Wiliam. Wiliam alitoka kikaoni akiwashukuru wazee mmoja mmoja, lakini alipofika kwa Nestory alimpita.

Goti la Nestory halikukunjika tena. Ntumba za mwaka huo alizilima Salome peke yake. Analala chumba kingine, na bado anaamini kwamba mume wake ana mwanamke mjini.